UZI: Mkopeshaji anajuaje uko na nini? Historia ya kufuata mali ya mdaiwa hapa Kenya

1/ Mjadala wa madeni hurudi kila msimu wa siasa. Upande mmoja: "aliyekopa alipe." Upande wa pili: "wananchi wafutiwe." Wote wanaruka swali la kwanza. Mkopeshaji anajuaje uko na nini, na anakifikiaje? Huu uzi ni historia ya hilo swali. Sitataja mwanasiasa wala chama. Chukua chai, ni mrefu.

2/ Niweke hoja yangu mapema ndio mnipinge vizuri: mkopeshaji huchukua kile anachoweza kukiona. Zamani alimwona mtu na ukoo wake. Baadaye mifugo, halafu ardhi, halafu vitu vya nyumba, sasa simu. Na siasa ndiyo imekuwa ikiamua nani anaonekana wazi na nani anapewa mahali pa kujificha.

KABLA YA KARATASI

3/ Kabla ya mkoloni, deni lilikuwa la ukoo. Hakukuwa na haja ya kupeleleza mtu. Mdai alijua zizi la mdaiwa, alijua baba yake na wajomba zake. Mbuzi hawafichiki. Ukishindwa kulipa, ndugu zako walilipa, na kwa sababu hasara na aibu zilikuwa zao pia, wao ndio walikusukuma kwanza.

4/ Lakini tusipambe. Njaa ikiingia, dhamana ilikuwa binadamu. Njaa kubwa ya 1898 hadi 1900 ilipopiga Ukambani na nchi ya Wakikuyu, kuna familia zilizowaweka wasichana na watoto kwa watu waliokuwa na chakula, zikitumaini kuwakomboa mambo yakitulia. Pwani nako watu waliwekwa rehani miaka ya ukame. Hilo neno "rehani" tunalolisikia benki leo lilibeba watu kabla ya kubeba ploti.

5/ Tukiwa bado pwani, vukeni kidogo hadi Zanzibar. Karne ya 19 wenye mashamba ya karafuu walikopa kwa wafanyabiashara wa Kihindi, na shamba ndilo lilikuwa dhamana. Kwa mkopeshaji ile ilikuwa mali safi: mkarafuu haukimbii, na msimu wa mavuno kila mtu anaujua. Bei ya karafuu ilipoanguka, mashamba mengi yakajikuta yamefungwa na deni.

6/ 1934 serikali ya kikoloni huko ikaingilia kati. Ilitoa amri za kuzuia ardhi ya Waarabu na Waafrika isihamie mikononi mwa wakopeshaji, na ikaanza kudhibiti biashara ya karafuu. Mvutano ukapanda hadi wafanyabiashara wa Kihindi wakasusia karafuu, 1937 hadi 1938. Kwa hivyo ukisikia mtu anasema "serikali kuingilia madeni ni mambo mapya," mwambie asome historia ya majirani zetu.

MKOLONI NA ORODHA YA VITU VISIVYOGUSWA

7/ Huku bara Mwingereza alikuja na mkoba wa sheria za India. Ndiyo maana Sheria yetu ya Mwenendo wa Kesi za Madai ya 1924 inafanana sana na ile kanuni ya India ya 1908. Ndani yake kuna kitu kizuri ambacho Wakenya wengi hawakijui: orodha ya mali ambayo mdai hawezi kuchukua hata akishinda kesi.

8/ Orodha hiyo bado ipo, kifungu cha 44. Nguo zako za lazima, sufuria za kupikia, vitanda na matandiko yako na ya familia, na vifaa unavyohitaji kufanyia kazi yako. Mapambo ambayo kwa dini yake mwanamke haruhusiwi kuyavua pia hayaguswi. Hilo la mapambo limetoka moja kwa moja India.

9/ Lakini wakati huo Mwafrika wa kawaida hata hakuhesabiwa kama mdaiwa kamili. Kulikuwa na sheria ya kubana mikopo kwa "wenyeji" tangu 1903. Ile ya 1948 ilisema deni la Mwafrika kwa mtu asiye Mwafrika likizidi shilingi 200 halidaiwi mahakamani, isipokuwa mkataba uwe umeidhinishwa na afisa wa serikali.

10/ Waliiita ulinzi. Na kweli ilimkinga mtu asinyang'anywe. Lakini fikiria mwenye duka Mwafrika anayetaka bidhaa za shilingi 1,000 kwa mkopo. Mwenye ghala anajua akidhulumiwa hana pa kwenda. Kwa hivyo hamkopeshi. Kutoonekana kulimlinda dhidi ya mnada na papo hapo kukamfungia nje ya biashara. Hilo shikeni, litarudi.

11/ Kulikuwa na sehemu moja tu ambapo Mwafrika alionekana vizuri sana: kipande. Sheria ilipita 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya vita, karibu 1919 na 1920. Kila mwanaume mzima alibeba karatasi yenye alama za vidole na rekodi ya waajiri wake, ndani ya kikopo cha chuma kilichoning'inia shingoni. Mtu akitoroka kazi, anasakwa kwa kipande.

12/ Ona hapo. Serikali ilijenga mfumo wa kumfuata Mwafrika popote aendako miongo mingi kabla ya kumpa karatasi ya kuonyesha anamiliki nini. Namba ya mwili wake ilitangulia namba ya shamba lake.

HATIMILIKI: UFUNGUO UNAOFUNGUA NA KUFUNGA

13/ 1954, katikati ya Hali ya Hatari, ukaja Mpango wa Swynnerton. Wazo: unganisha vipande vya ardhi, pima, sajili, mpe mkulima Mwafrika hatimiliki ndio aweze kukopa na kupanda mazao ya biashara. Tulipofika 1963 tukawa na Sheria ya Ardhi Iliyosajiliwa. Jina lililoandikwa kwa kawaida lilikuwa la mwanaume mwenye boma.

14/ Wengi tunafundishwa hii kama hadithi ya maendeleo. Ni nusu ya hadithi. Karatasi inayokuwezesha kukopa ni ile ile inayowezesha shamba kupigwa mnada. Kabla ya hapo mtu angeweza kufilisika na bado ukoo ukawa na pa kulima. Baada ya hapo mtu mmoja akiweka sahihi, familia nzima ingeweza kuamka haina shamba.

15/ Ilichukua muda mrefu sheria kurekebisha hilo. Chini ya Sheria ya Ardhi ya 2012, nyumba ya ndoa haiwekwi rehani kihalali bila mwenzi kukubali. Na benki haiwezi kuamka asubuhi na kuuza. Hatua zenyewe ni hizi, zihifadhi:

16/ Umekosa kulipa mwezi mmoja, benki inaweza kukupa notisi ya miezi 3 urekebishe. Ukishindwa, notisi nyingine ya kuuza, siku 40. Halafu dalali anakupa notisi yake ya siku 45 kabla ya mnada. Na benki ina wajibu wa kutafuta bei nzuri kadiri inavyowezekana, si kumgawia rafiki. Ikiruka hatua, mahakama inaweza kusimamisha mnada.

17/ Na ardhi inatafutwaje? Upekuzi rasmi huanza na namba ya kiwanja, si jina la mtu. Mkopeshaji akijua namba, ataona mwenye ardhi ni nani na kama ina deni lingine. Asipoijua, ana kazi. Mfumo wa Ardhisasa ulipozinduliwa Nairobi 2021, upekuzi wa siku kadhaa foleni ukahamia kwa kompyuta. Lakini bado unahitaji kujua unatafuta nini.

SASA TUJE KAYOLE

18/ Mtaa kama Kayole ulikua kwa kasi miaka ya 80 na 90. Kuna waliopewa ploti kwa mpango, na kule Soweto kuna familia zilizohamishiwa baada ya kubomolewa kwingine jijini karibu 1990. Kwa miaka mingi karatasi ya watu wengi hapa ilikuwa barua ya mgao au kadi ya ploti. Unajenga ghorofa tano juu ya barua.

19/ Benki haipendi barua ya mgao. Haiwezi kuiandikisha kama rehani ya kawaida na kuipiga mnada kwa urahisi. Kwa hivyo mtu wa Eastlands akajikuta kama yule mwenye duka wa 1948: mali anayo, lakini benki haiioni. Na pale benki isipoona, anaingia shailoki, au chama.

20/ Mwishoni mwa miaka ya 80, K-Rep ilianza kukopesha vikundi Kibera kwa mfano uliofanana na wa Grameen Bank ya Bangladesh. Huna hati? Sawa. Leta wenzako, mdhaminiane. Ujanja wake ni kwamba kikundi kina macho. Benki ya mjini haijui kama umenunua friji. Mama wa plot ya pili anajua, na anajua umeinunua lini.

21/ Ile mbinu ya ukoo ikarudi, sasa kwa jina la chama. Imesaidia maelfu kupanua biashara, tusikatae. Lakini pia ndiyo iliyotuletea ile picha tunayoijua: wanachama wanakuja kwa nyumba, wanabeba TV, mtungi wa gesi na viti, majirani wakiangalia kutoka kwa balkoni. Hakuna karani wa korti. Hakuna orodha.

22/ Kisheria hapo kuna tofauti kubwa. Dalali halali ana leseni chini ya Sheria ya Madalali ya 1996. Akitekeleza amri ya korti juu ya vitu vya nyumba, anakuja kwanza kuorodhesha, anakuachia karatasi, unapata siku 7 za kulipa kabla avibebe. Mtu asiye na leseni wala amri anayevunja mlango wako hakusanyi deni. Hilo ni kosa lingine kabisa.

23/ Kwa SACCO ni kimya zaidi lakini inauma vilevile. Hakuna anayekuja kwa mlango. Akiba ya wadhamini wako inaguswa. Ukisikia watu kazini hawaongei tangu mwaka juzi, uliza kwanza nani alimdhamini nani.

KORTINI

24/ Tuseme umeshtakiwa na umeshindwa. Mdai anafuataje mali? Ana vifaa kadhaa. Anaweza kuomba uitwe kortini ujieleze kwa kiapo: uko na nini, kiko wapi, nani anakudai. Anaweza kuomba pesa zako zilizo benki zielekezwe kwake. Anaweza kuomba sehemu ya mshahara, lakini thuluthi mbili ya mshahara haiguswi kwa amri kama hiyo.

25/ Na kuna jela ya madeni. Ndiyo, bado ipo kwenye vitabu. Uingereza yenyewe iliipunguza sana tangu 1869, sisi tukabaki nayo. Muda wa juu ni miezi 6, na mdai ndiye anayegharamia chakula chako ukiwa ndani. Yaani anakudai na bado anakulisha.

26/ Mwaka 2010, muda mfupi baada ya Katiba mpya, Mahakama Kuu ilisema kumfunga mtu kwa sababu tu hana uwezo wa kulipa kunapingana na mkataba wa kimataifa wa haki za kiraia na kisiasa, ambao Kenya iliuridhia 1972. Uamuzi wa baadaye ukasema jela yenyewe haijafutwa, lakini ni lazima ithibitishwe kwamba una uwezo na unakataa. Kushindwa na kukataa ni vitu viwili.

27/ Hiyo tofauti ya kushindwa na kukataa ndiyo ningependa isikike zaidi kwa mikutano ya siasa. "Walipe" inawachanganya wote. "Wafutiwe" pia inawachanganya wote.

WAKUBWA WANAFICHA WAPI

28/ Miaka ya 90 mabenki yetu yalijaa mikopo iliyotolewa kwa simu ya mkubwa. Kufikia mwisho wa muongo huo, kama theluthi moja ya mikopo yote ya mabenki ilikuwa hailipwi. Benki za serikali ndizo ziliumia zaidi. Na wengi wa wadaiwa hao hawakuwa wa kutafutwa. Sura zao zilikuwa kwa magazeti.

29/ Sasa mbona hawakupigwa mnada? Kwa sababu jina la kwenye gazeti si jina la kwenye hati. Aliyekopa ni kampuni. Kampuni haina kitu. Shamba liko kwa jina la kampuni nyingine, au la shemeji, au la mtu wa ofisi. Na pale mali inapoonekana, kuna wakili wa kuomba zuio, halafu zuio linakaa miaka.

30/ Deni halikupotea lakini. 2007 serikali iliipa National Bank of Kenya hati za dhamana za shilingi bilioni 20 kulipia mikopo mibaya ambayo serikali ilikuwa imeidhamini, mingi ya mashirika ya umma. Hati za dhamana hulipwa na kodi. Kwa maneno mengine mama mboga wa Masimba alilipa deni ambalo hakuwahi kulikopa, na hakuna aliyegonga mlango wake kumwambia.

31/ Mwaka huo huo wa 2007 ilianza kutumika kanuni nzuri: deni likikwama benki, riba haiwezi kuzidi kiasi cha deni lililokuwepo lilipokwama. Zamani mtu alikopa laki 5 akadaiwa milioni 4. Hii ni sheria iliyowasaidia wakubwa na wadogo. Nataja ndio msiseme kila kitu ni njama.

32/ Kuanzia 2020 kampuni zinatakiwa kumwambia msajili ni nani hasa anayezimiliki nyuma ya majina. Hatua nzuri. Lakini hiyo sajili haiko wazi kwa umma. Wewe na mimi hatuwezi kufungua tukaona nani yuko nyuma ya kampuni inayodaiwa na benki ya umma.

ENZI YA SIMU

33/ M-Pesa ilianza Machi 2007. M-Shwari Novemba 2012. Baada ya hapo apu za mikopo zikamiminika. Kwa mara ya kwanza mkopeshaji hakuhitaji hati, kikundi wala mdhamini. Alihitaji historia ya simu yako. Pesa inaingia lini, inatoka lini, unaongea na nani.

34/ Fuliza ilipokuja 2019 ikaenda hatua moja mbele. Haikufuati. Imekaa mlangoni. Pesa ikiingia tu, deni linakatwa kwanza. Linganisha na zile notisi za miezi 3, siku 40 na siku 45 za mwenye hatimiliki. Mwenye ghorofa anapewa karibu nusu mwaka. Mwenye deni la shilingi 600 anapewa sekunde.

35/ Halafu mali yenyewe ikajifunza kukamata. Sola ya kulipia kidogo kidogo inazimwa kwa mbali. Simu ya mkopo inajifunga. Pikipiki ina kifaa cha kuonyesha iko wapi. Na tangu Sheria ya Dhamana za Mali Inayohamishika ya 2017, iliyofuta ile ya 1930, kuna sajili ya mtandaoni ambapo mkopeshaji anaandikisha kwamba gari, mashine au mifugo yako ni dhamana yake.

36/ Kumbukeni kifungu cha 44, vifaa vya kazi haviguswi? Kinga hiyo ni dhidi ya mdai wa kawaida aliyeshinda kesi. Ukiweka mwenyewe pikipiki kuwa dhamana ya mkopo wa pikipiki, umeitoa kwenye kinga. Kwa hivyo mwendesha boda, ambaye kifaa chake cha kazi ndicho dhamana pekee aliyo nayo, hana ile kinga ambayo sheria ilikusudia mtu kama yeye.

37/ CRB nazo zilianza kazi 2010. Wazo lilikuwa zuri: mlipaji mzuri ajulikane, apate riba nafuu. Tulichopata ni orodha ya aibu. Watu walinyimwa mikopo na hata kazi kwa deni la nauli. Aprili 2020 Benki Kuu ikasema deni chini ya shilingi 1,000 lisiripotiwe, na ikazitoa apu zisizosimamiwa kwenye mfumo huo.

38/ Novemba 2022 Benki Kuu ikatangaza mpango wa kusafisha rekodi za wakopaji wa simu. Waliolengwa walikuwa kama milioni 4.2, na jumla ya madeni yao ilikuwa kama shilingi bilioni 30, chini ya asilimia 1 ya mikopo yote ya mabenki. Soma tena. Watu milioni 4.2. Chini ya asilimia 1.

39/ Apu zilizotolewa CRB zikarudi kwa mbinu ya ukoo, ile ya aibu. Zilikuwa tayari zimenakili namba za simu yako yote. Ukichelewa, anapigiwa mama yako kijijini, mwajiri, fundi wa maji, mchungaji. "Mwambie fulani alipe." Watu wamepoteza kazi. Watu wamepoteza ndoa. Hakuna sheria ya mnada iliyowahi kuruhusu kitu kama hicho.

40/ Sheria ya kulinda data ilikuwepo tangu 2019. Ya kuziweka apu chini ya Benki Kuu ilipita 2021, na kanuni zake za Machi 2022 zinakataza vitisho, matusi, na kutumia orodha ya namba za simu yako kukudai. Septemba 2023 Kamishna wa Data aliipiga faini ya shilingi 2,975,000 kampuni yenye apu za mikopo kwa mambo kama hayo. Kwa hivyo ukipigiwa kuhusu deni la mtu mwingine ambaye hukumdhamini, una haki ya kulalamika. Wewe si mdaiwa.

41/ Na serikali yenyewe ni mkopeshaji. Sisi wanafunzi tunajua HELB, iliyoundwa na sheria ya 1995. Haitafuti sofa yako. Inamfuata mwajiri wako, ambaye kisheria lazima akate mshahara. Ukiajiriwa rasmi unaonekana mara moja. Ukiwa na biashara kubwa isiyo rasmi, au uko ng'ambo, hauonekani. Anayelipa ni mwalimu, si lazima aliye na pesa zaidi.

42/ Hustler Fund ilizinduliwa Novemba 2022 bila dhamana kabisa: riba asilimia 8 kwa mwaka, siku 14, na asilimia 5 ya mkopo inawekwa akiba. Ndio maana ule uvumi kwamba "watakuja kuchukua mabati" haukuwa na msingi: huko hakuna kitu ulichoweka rehani. Adhabu kubwa ni kukosa kukopa tena. Wengi wameamua hiyo adhabu wanaiweza. Hilo ni swali halali la kisera, kwa sababu pesa ni za umma.

BASI TUJADILI NINI?

43/ Turudi kwa hoja. Miaka zaidi ya mia moja tumejenga mitambo ya kumwona mdaiwa mdogo: kipande, namba ya kitambulisho, CRB, simu. Na kila mara tumemwachia mdaiwa mkubwa pazia: kampuni, jina la shemeji, zuio la korti. Hata kasi iko hivyo. Tangu 2021 kuna Korti ya Madai Madogo, kesi hadi shilingi milioni 1, lengo siku 60. Kesi za mabilioni bado huhesabiwa kwa miaka.

44/ Sisemi madeni madogo yasilipwe. Pesa ya SACCO ni ya mtu. Pesa ya chama ni ada ya mtoto wa mtu. Na mtu asipoweza kudaiwa kabisa, hakopeshwi, tuliona na ile sheria ya 1948. Ninachosema ni kwamba kipimo kiwe kimoja.

45/ Kwa hivyo mwaniaji yeyote akija Kayole na neno "madeni," muulize haya matatu:
a) Utafungua sajili ya wamiliki halisi wa kampuni kwa umma, ndio au la?
b) Ile orodha ya vitu visivyoguswa utaifanyia nini? Mkulima bado anaachiwa mifugo ya thamani ya shilingi 10,000 za kwanza. Hiyo hainunui ng'ombe wa maziwa. Na simu, ambayo leo ndiyo duka la mtu, haijatajwa hata kidogo.
c) Mwenye hatimiliki ana notisi za miezi. Mwenye deni la simu atapewa muda gani kabla pesa yake ya unga kukatwa?

46/ Akikujibu "nitawafutia wote" au "walipe wote," hajajibu. Muulize tena, polepole.

47/ Ukijua mtu ambaye ameletewa "madalali" wiki hii, mtumie namba 16, 22 na 40 za huu uzi leo, si kesho. Aulize leseni, aulize amri ya korti, asome tarehe za notisi. Mengine tujadiliane hapo chini, kwa heshima.